Mama Mkwe Alisimama Njiani

"Mkeka wako utandike pale kwenye kona. Wangu uko huku. Katikati atalala mtoto."

"Mama Julia, hata pole ya safari hujanipa."

"Pole ya safari. Haya, umeipata. Ingia ndani, watu wasikuone umesimama mlangoni kama mgeni."

Edmund aliinama akaingia. Mkononi alikuwa na tezo na msumeno, begani mkeka, na vumbi la kutoka Chiwata lilikuwa limempanda mpaka kwenye nyusi. Ida alimtazama mara moja tu, kisha akageukia chungu chake cha ming'oko, vile viazi vya porini, maana aliona moyo umeanza mambo ambayo hakuutuma. Amekonda, alijisemea. Halafu akajikemea: amekonda, inakuhusu nini?

Kilichomuuma ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwita. Alimtuma Dastani, yule muuza chumvi mwenye baiskeli ambaye alikuwa anabeba salamu nyingi kuliko chumvi, akamwambia ashike maneno haya bila kuongeza wala kupunguza:

"Mwambie Edmund mwanawe anatafutiwa nafasi ya shule. Masisteri wanataka kumwona baba. Asije kwa ajili yangu."

Jibu lilirudi na baiskeli ileile:

"Mwambie mama Julia nakuja kwa ajili ya mtoto. Na chakula chake sitakila bure."

Shule yenyewe ilikuwa ya bweni, ya wasichana, huko chini kupita Masasi. Mabinti walitoka Nyasa, walitoka Unguja, wengine walivushwa Ruvuma kutoka upande wa Mreno, wote wanaitaka shule hiyo moja. Newala mwaka ule ilipewa nafasi moja tu. Julia alikuwa amemaliza darasa la nne na kufaulu vizuri, lakini kufaulu peke yake hakukutosha. Masisteri walikuwa wamechoka na mabinti wanaoanza vizuri kisha wanatolewa katikati kwenda kuozwa kwa sababu nyumba imevunjika na mama hana wa kumsaidia kukataa. Kwa hiyo Sisteri alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, bila kutoa taarifa, kuona kama baba yupo na mama yupo. Siku yake haijulikani. Inaweza kuwa kesho, inaweza kuwa mwezi ujao.

Na nyumba ya Ida ilikuwa imevunjika, ndiyo. Serikali ya Mwingereza ilipoanzisha karanga zake Nachingwea, Edmund aliondoka na wanaume wenzake kwenda kutafuta. Karanga zikafa. Wenzake wakarudi. Yeye akaishia kwa mama yake Chiwata, akawa anatengeneza mabenchi ya kanisa. Chiwata, jamani! Si Ulaya kule. Masika yakapita, na kiangazi, na masika mengine, mtu hajaleta hata salamu. Wambea wakasema ana mwanamke. Ida hakuuliza, maana aliogopa jibu.

"Mama yako yuko wapi?" Edmund aliuliza akiwa anakung'uta vumbi.

"Yuko Mnyambe kwenye korosho zake. Mpaka amalize kuokota."

Edmund alishusha pumzi ndefu. Ida aliiona pumzi ile, akaihifadhi moyoni.

*

Newala juu ardhi ni nzuri ila maji hakuna. Maji yako bondeni, na anayeyataka anashuka genge alfajiri na kulipanda tena na mzigo. Kesho yake Ida aliamka akakuta mitungi imejaa. Kesho kutwa hivyohivyo. Siku iliyofuata akawahi kuamka, akamkuta Edmund anafunga madebe kwenye mti wa mzega.

"Nani amekutuma?"

"Nilisema sitakula bure."

"Basi tunashuka wote. Watu watasema mama Julia analala mume anateka maji."

"Kwani mimi ni mume?"

"Kwa macho ya Sisteri."

Walishuka, Edmund mbele. Njiani kote Ida alijitahidi kutotazama yale mabega. Wakati wa kupanda, pale penye mwamba unaoteleza, Edmund alitua mzega wake, akarudi, akampa mkono. Ida aliukataa. Akateleza. Akaushika.

"Ungeushika mwanzo, nusu ya mtungi isingemwagika."

"Usinifundishe genge la kwetu. Wewe ni mtu wa tambarare."

Edmund alicheka. Ulikuwa ni muda mrefu Ida hajakisikia kicheko kile, na alichukia jinsi kilivyomkaa vizuri masikioni. Akaona bora aulize, liwalo na liwe.

"Baba Julia. Huyo mwanamke wa Nachingwea anaitwa nani?"

"Mwanamke gani?"

"Usinizungushe."

"Ida, Nachingwea nililala kwenye hema na wanaume wa Kiyao na wa Kingindo, tunakoroma mpaka asubuhi. Mwanamke angepita wapi?"

"Sasa kilichokuweka Chiwata ni nini?"

Edmund alinyanyua mzega, akauweka begani. "Muulize anayejua," akasema, akaanza kupanda.

Ida alibaki amesimama na mtungi kichwani. Anayejua ni nani tena?

*

Siku zikaenda. Kila mbwa akibweka, Ida alitoka nje akifuta mikono. Kila mlio wa gari upande wa boma, alimvua Julia gauni la shamba na kumvika la kanisani, kisha gari linapita, anamvua. Mtoto mwenyewe akachoka.

"Mama, kwani Sisteri akinikuta na gauni hili hatanipenda?"

"Nyamaza, usilete mkosi."

Usingizi ulimkimbia. Chakula kilimshinda. Binti wa karani wa boma naye alikuwa anaitaka nafasi hiyohiyo, na kwao walikuwa na viti na mlango wa mbao. Edmund aliposikia hivyo alishika msumeno. Alikata mbao, akachonga kiti, halafu cha pili, halafu mlango. Jioni moja Ida alikuta mlango mpya umeshawekwa, unafunguka bila kelele. Aliufungua na kuufunga, akaufungua tena.

"Ni wa Sisteri?" aliuliza.

"Sisteri hatalala humu."

Ida alimpakulia ming'oko ya chini, ile iliyoiva vizuri, akasingizia ndiyo iliyobaki.

Halafu akaja Nikolao, kaka yake Ida. Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Nikolao hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mambo yaishe.

"Dada, nimevumilia. Shule ikimkubali, mimi mwenyewe nitambebea sanduku. Ikimkataa, mtoto anaingia unyagoni na wenzake, na akitoka, Yeremia wa Makote ameshaleta maneno kwa ajili ya kijana wake."

"Kaka, Julia ni mtoto bado!"

"Hata wewe ulikuwa mtoto. Mimi naongoza ukoo, siongozi ndoto. Na huyu bwana," akamnyooshea Edmund kidole, "yupo kweli au amekuja kutalii?"

"Nipo, shemeji," Edmund alisema.

"Upo mpaka lini?"

Edmund aliinama akashika tezo. Ida alijikuta anasubiri jibu lile kuliko anavyomsubiri Sisteri.

*

Sisteri alikuja mchana wa Alhamisi, wakati hakuna mbwa aliyebweka wala gari lililosikika. Alikuja kwa miguu, Mzungu mrefu mwenye viatu vya vumbi, pamoja na Mwalimu Dominika, mwanamke wa hapahapa aliyekuwa akifundisha shuleni kule na kumwonyesha njia. Julia alikuwa na gauni la shamba. Ida alitaka ardhi ipasuke.

Mambo yakaenda vizuri kuliko alivyoota. Sisteri alikaa kwenye kiti kipya, akasifu mlango. Julia alisoma Injili bila kukwama. Edmund alijibu maswali kwa upole, na alipoulizwa kama atakubali binti yake asome mpaka amalize, alisema, "Sisteri, mimi niliacha shule darasa la tatu. Huyu akiishia njiani, nitalia mbele za watu." Ida alimwangalia, na macho yakamlowa bila kutarajia.

Hapo ndipo mama yake Ida alipotokea.

Bibi Josephina alikuwa amesikia huko Mnyambe kwamba Mzungu yuko njiani, akatupa kikapu cha korosho, akajifunga kitambaa cheupe cha Umoja wa Kina Mama, akaja mbio. Aliingia uwanjani, akamsalimu Sisteri, kisha akamwendea Edmund moja kwa moja. Akamtazama usoni. Akampa mkono.

"Karibu, baba. Habari za kazi?"

Edmund alinyanyuka kama aliyechomwa na mwiba. "Nzuri... shikamoo."

"Marahaba!"

"Vizuri sana," Sisteri alisema akitabasamu. "Bibi anampenda mkwe wake."

Mwalimu Dominika aliweka kikombe chake chini taratibu.

Msomaji wa mbali, ngoja nikueleze, maana hapa ndipo nyumba ilipoungua. Huku kwetu mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani. Akimwona njiani, mama huacha njia, hujifunika kanga usoni na kuingia porini mpaka mkwe apite. Wala si chuki, ni heshima, na ni haya inayotoka ndani kabisa, haina kujilazimisha. Siku mama mkwe atakaposimama na kukutazama machoni, ujue umeshakuwa mtu baki. Ndoa imekufa, hata kama hakuna aliyetangaza msiba.

Dominika alimfuata Ida jikoni.

"Mama Julia, mimi kwetu ni hapohapo Mnyambe. Sisteri unaweza kumfunika macho. Mimi hapana."

"Mwalimu, sijaelewa."

"Umeelewa. Mama yako angeshikiwa hata bunduki asingeweza kumpa mkono mkwewe. Yule baba amekuja lini?"

Ida alitaka kudanganya. Midomo ikagoma.

"Korosho zilipoanza kuanguka," alisema kwa sauti ndogo. "Kabla ya hapo tulikuwa mbalimbali."

"Na Sisteri akishapita?"

"Sijui, Mwalimu. Hiyo ndiyo kweli ya Mungu. Sijui."

Dominika alimtazama usoni. Hakuwa na sura ya ukali, na hilo lilimtisha Ida zaidi.

"Mtoto wako ana kichwa. Nimempenda. Lakini Sisteri ananiamini, sitamdanganya. Neno langu nitampa Jumapili baada ya ibada. Nitapita hapa asubuhi kabla ya kanisani. Mkiwa mmeamua kitu, nitakikuta. Mkiwa hamjaamua, nitasema nilichokiona."

*

"Mama kaharibu kila kitu!" Ida alisema mara wageni walipoondoka. "Na hakusita hata kidogo! Kama mtu aliyezoea!"

"Si mara yake ya kwanza," Edmund alisema.

"Unasema nini?"

Edmund alikuwa anaokota chembe za mbao sakafuni, moja moja, ili asimtazame.

"Nilirudi, Ida. Karanga zilipokufa nilirudi, masika yale ya kwanza. Nilikuwa mikono mitupu, sina hata kanga moja ya kukuletea, lakini nilisema nitakuja hivyohivyo. Nikafika kwenye kona ya Makote. Mama alikuwa anakuja na mzigo wa kuni. Nikasimama pembeni ili apite porini. Hakupita. Alitua kuni katikati ya njia, akanitazama. Akanitazama mpaka mimi ndiye nikainamisha macho."

"Akasema nini?"

"Aseme nini tena? Nikajua binti yake ameshanimaliza. Mama asingefanya vile bila wewe kumtuma. Nikageuka."

Ida alikaa chini palepale kwenye chembe za mbao.

"Mimi nimtume? Mimi niliyekuwa nafagia uwanja kila jioni nikisema labda leo? Kwa hiyo macho ya mama yalikurudisha! Mimi nilikuwa nyuma ya macho hayo, Edmund! Hapa uwanjani, hatua chache tu nyuma! Ungeniita!"

"Nilikuwa na aibu."

"Aibu yako imekula miaka ya mtoto wangu!"

"Na yangu pia," Edmund alisema.

Ida alitoka. Alimkuta mama yake nyuma ya nyumba, amekaa juu ya kinu kilicholala, anajipepea na kile kitambaa cheupe.

"Umeona nilivyomsalimia?" Bibi Josephina alisema kwa furaha. "Wazungu wanapenda watu wapeane mikono. Nilisema nikikimbilia porini, Sisteri atadhani nyumba ina ugomvi."

"Mama. Kona ya Makote. Masika yale."

Kitambaa kikasimama.

"Ulimwona mume wangu, ukasimama njiani?"

Mama yake alikiweka magotini.

"Nilikuwa nakuona unavyokonda," alisema. "Unalia ukidhani nimelala. Nikamwona yule anakuja polepole, anajikuna kichwa, kama mtu aliyetoka kunywa tu kwa jirani. Nikapandwa na hasira. Nikasema akinipita huyu, ataondoka tena, na mwanangu atalia upya. Bora alie mara moja."

"Nimelia kila siku, mama! Ulinifungia mlango nikiwa ndani!"

"Ida..."

"Sasa mjukuu wako ataozwa Makote kwa sababu ya macho yako mawili."

"Unataka nifanye nini? Nikimwambia nisamehe, itabidi nimtazame. Nimeshamtazama mara mbili. Macho yakishaona, mwanangu, haya hairudi kwa kuitwa."

Ida aliingia ndani. Mama yake hakula chakula cha jioni, wala cha kesho yake.

*

Jumamosi Edmund alifunga mkeka wake.

"Unaenda?" Ida aliuliza.

"Kesho asubuhi. Ningependa kubaki, Ida. Ningebaki hata kama shule imekataa. Lakini siwezi kukaa uwanjani kwa mtu asiyenionea haya. Nitakuwa kama mpangaji kwa mke wangu mwenyewe."

"Umeniita nani?"

"Mke wangu."

"Rudia."

"Mke wangu. Kwanza nitakujazia maji, nisiache mitungi mitupu."

Ida alishika ule mlango mpya, akauegemea. Alitaka kumwambia asiende, akamwambia. "Usiende," alisema. Edmund alitikisa kichwa, machozi yanamlenga, na wote wawili walijua kwamba jambo hili haliko mikononi mwao.

Jumapili Mwalimu Dominika alifika jua likiwa bado changa. Aliuona mkeka umefungwa, umeegemezwa ukutani. Hakuuliza.

"Twende tu kanisani, Mwalimu," Ida alisema. "Sitakuomba useme uongo." Akamshika Julia mkono. Mtoto alikuwa amevaa gauni la kanisani, anatazama chini.

Njia ya kanisani hukutana na njia ya bondeni karibu na mkorosho mkubwa. Walipofika nyuma ya mkorosho ule Ida alisimama ghafla, akawazuia wenzake kwa mkono. Upande wa genge alikuwa anapanda Edmund na mzega wake, maji yanamwagikia miguuni. Upande wa pili alikuwa anakuja Bibi Josephina, amevaa tayari kwa ibada, kikapu cha korosho kichwani kwa ajili ya sadaka. Njia nyembamba, huku shamba la mihogo, huku kichaka. Walikuwa hawajaonana, wala hakuna aliyewaona hawa watatu.

Ida alijibanza kwenye shina. Mama, alijisemea, mama yangu, tafadhali.

Bibi Josephina aliinua uso, akamwona mkwewe.

Akasimama.

Akasimama muda ambao Ida aliuhisi ni mrefu kama kiangazi chote. Halafu kilio kidogo kikamtoka kooni, kikapu kikadondoka, korosho zikatawanyika njiani, na yule mama mzima, na kitambaa chake cheupe cha Umoja, akajivuta kanga usoni na kuruka kichakani kama kuku aliyeona mwewe. Matawi yakavunjika.

Edmund alitua mzega. Aligeuza uso upande wa mihogo, mgongo kwa kichaka, kama inavyotakiwa, na Ida aliona mabega yale yanatetemeka. Julia akachomoka kumkimbilia baba yake.

"Julia," Edmund alisema kwa sauti nzito, bado ametazama mihogo, "mwambie bibi yako, shikamoo."

"Bibi, baba anasema shikamoo!"

Kichaka kikajibu: "Mwambie marahaba. Na mwambie..." Matawi yakasogea. "Mwambie bibi alikosea njia siku ile ya Makote. Mwambie alipaswa kupita huku."

"Baba, bibi anasema..."

"Nimesikia, mwanangu."

Dominika alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Alipokitoa, macho yake yalikuwa mekundu.

"Hakutuona," alisema taratibu. "Hakujua kama tupo."

"Hakujua, Mwalimu."

"Basi Sisteri nitamwambia kweli yote, ya Alhamisi na ya leo. Na nitamwambia kwamba nyumba hii ina mkwe." Akamwita mtoto. "Julia, una sanduku?"

"Sina, Mwalimu."

"Baba yako ni fundi. Mwambie aanze kesho."

Ida hakusikia zaidi. Alitembea juu ya korosho za sadaka mpaka alipokuwa mume wake, akalishika debe moja, akajitwisha.

"Hujaenda kanisani?" Edmund aliuliza.

"Nitaenda na wewe. Kwanza tukaufungue ule mkeka."

"Niuweke kona gani?"

"Usiniulize mbele ya mtoto."

Wakacheka, wakasimama pale wanatazamana kama wachumba wa jana. Huenda wangesimama mpaka ibada iishe, kama kichaka kisingepiga kelele.

"Jamani, mpitisheni huyo mkwe wangu upesi! Nimekaa kwenye upupu!"